Bosi wangu Mjapani anasema "tutalitafakari": je, ananidanganya?

"Mimi ni Mtanzania, mhandisi. Nilisoma Ohio, Marekani, kisha nikafanya kazi hukohuko miaka 4 kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Bosi wangu alinisifu kila wiki. Nikitoa wazo kikaoni, naambiwa 'safi sana, tuanze nalo'. Ijumaa moja asubuhi nikaitwa ofisini, dakika 10 tu, nikarudisha kitambulisho: nimepunguzwa kazini. Sasa nina mwaka na nusu Nagoya, Japani. Huku hakuna anayenisifu wala kunigombeza. Mwezi uliopita nilisimama kikaoni nikaonyesha kwa hesabu kwamba utaratibu wetu wa kukagua vipuri unapoteza muda. Wote wakaitikia 'hai, hai'. Mkuu wa kitengo, kacho, akasema tutalitafakari. Mpaka leo kimya. Baadaye mwenzangu mmoja, tukiwa tunakunywa baada ya kazi, akaninong'oneza kwamba nilimtia kacho aibu. Na mke wangu ana kinyongo kwa sababu mtoto wetu wa darasa la 3 anafagia darasa na ana zamu ya kuosha vyoo shuleni. Naanza kuamini kuwa Wamarekani ni wakweli lakini wabinafsi, na Wajapani wana umoja lakini wanafiki. Je, nakosea? Nibadilike, nivumilie, au nitafute njia ya kurudi Marekani?"

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili. Neno "wanafiki" halikunishtua, nimeshalisikia kwa wageni wengi wa Japani, na mwaka wangu wa kwanza kule nililisema mwenyewe. Kilichonishika ni ile Ijumaa asubuhi. Aliyekusifu kila wiki ndiye aliyekutoa kazini kwa dakika 10, na ambaye hajawahi kukusifu mpaka leo anakulipa mshahara. Umeyaandika yote mawili katika barua moja, halafu ukampa wa kwanza cheo cha mkweli. Unachouliza hasa, nadhani, ni hiki: maneno ya nani niyashike?

Tuanze na hiyo "hai". Kamusi itakuambia maana yake ni "ndiyo". Mezani pa kikao maana yake iko karibu zaidi na "ehee" unayoitikia simuni mama mkwe akikusimulia jambo refu: nipo, nakusikia, endelea. Hakuna aliyekubaliana na hesabu zako, na hakuna aliyekuongopea kuwa amekubali. Kadhalika "tutalitafakari", kwa Kijapani *kento shimasu*. Mara nyingi hiyo ni "hapana" iliyovishwa nguo, au "bado, na si hapa". Wewe ni mtu wa kwetu, sikufundishi kitu kigeni. Ukimwalika mzee wa Pwani kwenye shughuli yako, akavuta pumzi, akatazama pembeni, akasema "inshallah", unaandaa sahani yake? Unajua kabisa inshallah ipi ni ya kuja na ipi ni ya kutokuja. Umejifunza kwa miaka, toka utotoni, bila kufundishwa darasani. Kacho naye ana inshallah zake. Iko nyingine fupi zaidi, *chotto*, yaani "kidogo". Mjapani akisema "chotto…", akaiachia sentensi ining'inie, mlango umeshafungwa. Mimi nilikaa kwenye chumba kimoja Osaka nikimsukuma mwenyeji wangu amalizie sentensi hiyo, nikidhani Kijapani changu ndicho kilichonipita. Alinitazama kwa huruma.

Wajapani wenyewe wana maneno mawili kwa hali hii: *tatemae*, yanayosemwa mbele ya watu, na *honne*, yaliyomo moyoni. Mgeni akiyasikia husema, "Ahaa, kumbe wanakiri wenyewe kuwa wana nyuso mbili!" Lakini sisi tunasema funika kombe mwanaharamu apite, na hatuoni kuwa tumekiri dhambi. Mtu akipita mnakula mtamwambia "karibu chakula", naye atajibu "asanteni, nimeshiba", na njaa anayo. Nani kamdanganya nani? Mnafiki anataka usiujue ukweli. Tatemae haimfichi ukweli yeyote anayeijua lugha hiyo, ila wewe uliyefika juzi. Kyoto wana hadithi wanayoipenda kuisimulia wenyewe, kwamba mgeni aliyekaa mno akikaribishwa bakuli la wali wa chai, adabu ni kushika viatu aondoke. Ukibaki ukalisubiri, umeumbuka.

Na Mmarekani je? Anakuuliza "hali yako?" huku amekupita hatua tatu. Anakuambia "lazima siku moja tule pamoja mchana", na siku hiyo haipo kwenye kalenda yoyote. Kampuni inakuandikia kuwa barua yako ya maombi itatunzwa kwenye faili. Bosi akilitazama wazo lako akasema tu "inavutia", wenyeji wanajua limekufa. Sifa za kila wiki ulizokuwa unapewa Ohio zilikuwa adabu ya kazi, kama vile kuinama kulivyo adabu Nagoya. Mameneja wengi kule hufundishwa kutanguliza sifa hata wanapokuja na lawama, na wewe ulizihesabu kama akiba benki. Nasema hivi bila kuwakejeli. Sifa zile zilikupa moyo na pengine zilitoka moyoni. Ila hazikuwa ahadi.

Sasa hili la wabinafsi na wenye umoja. Takwimu inayotajwa sana ni ya Geert Hofstede, Mholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM wa nchi nyingi, yaliyokusanywa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye kipimo chake cha ubinafsi, kwa maana ya mtu kujitegemea na kujiamulia mambo yake, Marekani ilipata 91. Japani ilipata 46, yaani katikati. Na Afrika Mashariki, ambamo aliziweka pamoja Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia, ilipata 27. Kwa mizani hiyo, katika kikao chako mtu mwenye "umoja" kuliko wote ulikuwa wewe! Data hizo ni za zamani na za kampuni moja, kwa hiyo usizifanye msahafu. Nimezitaja kwa sababu zinavunja ile picha ya Japani kama mchwa na Marekani kama simba wapweke.

Aliyenifungua macho mimi ni Toshio Yamagishi, mwanasaikolojia wa Kijapani aliyefariki mwaka 2018. Alianza na swali ambalo watu waliona jibu lake liko wazi: nani anawaamini zaidi watu asiowajua, Mjapani au Mmarekani? Kila mtu angesema Mjapani, si ndio wenye nchi ambayo pochi ikianguka inarudi na pesa zake? Majibu ya hojaji zake yalikuja kinyume. Wamarekani ndio waliowaamini zaidi wasiowajua. Na katika majaribio ya kuchangia mfuko wa pamoja, palipokuwa hakuna usimamizi wala adhabu, Wajapani walichangia kidogo kuliko Wamarekani. Maelezo yake yalikuwa kwamba Japani imejengwa juu ya uhakika zaidi ya imani. Mtu anatenda vema kwa kuwa wote wanajuana, wataendelea kuonana, na jicho lipo. Mmarekani, aliyezungukwa na watu wanaokuja na kuondoka, asipothubutu kumwamini mgeni hawezi kuishi.

Mwaka 2008 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wa kalamu. Unaambiwa uchague moja kati ya 5, na 4 zina rangi moja. Wakiulizwa bila maelezo, Wamarekani zaidi kuliko Wajapani huchagua ile ya peke yake. Watu wakasema: unaona, mmoja anapenda kuwa tofauti, mwingine anapenda kufanana. Timu ya Yamagishi ikaongeza jambo dogo. Ikawaambia baadhi yao, wewe ndiye wa mwisho kuchagua, wenzako wote wameshachukua. Tofauti kati ya mataifa hayo ikayeyuka. Mjapani naye aliitaka ile kalamu ya peke yake! Alichokuwa anakiepuka ni kuwanyima wenzake pale asipojua kama kuna anayesubiri nyuma. Moyo uleule, hesabu tofauti.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha jibu langu kwako, nayo inahusu mlango: ni rahisi kiasi gani kutoka kwenye kundi lako na kuingia jingine? Mwanasaikolojia mwingine wa Kijapani, Masaki Yuki, na wenzake walilipima hili katika nchi 39, wakachapisha mwaka 2018. Japani ilikaa chini, Marekani juu. Tazama lilivyojengeka. Kijiji cha Kijapani cha mpunga kiliishi kwa maji ya mfereji mmoja. Jirani wa juu akifunga maji, wa chini halimi. Familia iliyovunja kanuni ilitengwa kwa adhabu iitwayo *mura hachibu*: kijiji kilikata nayo kila ushirika, isipokuwa kuzima moto na kuzika. Utahamia wapi, na mashamba yote yana wenyewe? Baadaye kampuni kubwa zikawa kijiji kipya. Vijana wanaajiriwa kwa pamoja tarehe 1 Aprili wakitoka chuoni, wanapanda kwa miaka, na sheria ya mikataba ya kazi, kifungu cha 16, inabatilisha kufukuzwa kusiko na sababu ya haki. Kwa hiyo wewe na kacho mnaweza kuwa kampuni moja miaka 20. Kwa mtu wa aina hiyo, aibu uliyompa Jumanne haiishi Jumatano.

Ukiwa Marekani, mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu karibu kila jimbo. Montana ndiyo peke yake iliyo na sheria ya tofauti. Na wewe unaweza kuondoka kesho vilevile. Mlango uko wazi pande zote mbili. Mahali kama hapo, asiyejisema hajulikani, asiyetaka kitu hadharani hapewi, na ugomvi wa kikaoni hauna uzito mkubwa kwa sababu mwakani nusu ya watu wale hawatakuwepo. Msemo wao ni kwamba gurudumu linalopiga kelele ndilo linalopakwa grisi. Wa Wajapani ni kwamba kigingi kilichochomoza hugongwa nyundo. Wewe ulipita kwenye kikao cha vigingi ukipiga kelele za gurudumu, na hesabu zako zikiwa sahihi kabisa. Usahihi wake ndio uliozidisha kosa, maana ulimwacha kacho bila pa kujificha.

Kilichokupita kinaitwa *nemawashi*. Ni neno la watunza bustani: kabla ya kuhamisha mti mkubwa, miezi kadhaa mapema wanachimba kuuzunguka, wanakata mizizi kidogokidogo ili uote mingine midogo, ndipo siku ya kuhama usife. Ofisini maana yake ni kumfuata kila mhusika peke yake, kabla ya kikao, kumweleza, kumsikiliza, kumwachia atie mkono wake kwenye wazo. Siku ya kikao hakuna cha kuamua. Kilishaamuliwa, kikao ni nikaha tu. Na nimechagua neno nikaha kwa makusudi. Kwetu nani anaingia sebuleni kwa watu akatangaza anamtaka binti yao? Anatumwa mshenga. Anakwenda, anarudi, mahari inasemwa chinichini, wajomba wanatafutwa mmojammoja, na siku ya watu wote kukaa kwenye mkeka kila jibu linajulikana. Wazo lako ulilipeleka bila mshenga. Baada ya mazungumzo hayo ndipo hufuata karatasi ya *ringi*, pendekezo linalozunguka meza kwa meza likigongwa mihuri, siku hizi mara nyingi kwenye kompyuta. Ni taratibu, inachosha, na wahandisi wa Kimarekani huilaani. Lakini ukishapata mihuri yote, hakuna anayekuja kukuvutia breki katikati ya kazi. Ohio waliposema "tuanze nalo", mawazo yako mangapi yalifika mwisho? Jibu kimoyomoyo.

Jambo moja hukuuliza, lakini utakutana nalo: msamaha. Novemba 2017 kampuni ya treni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Dunia ilicheka. Kuomba radhi Japani ni kukiri kwamba umemsumbua mtu na kwamba uhusiano bado una thamani. Nani mwenye kosa ni hesabu nyingine. Marekani neno hilohilo linanusa mahakama, kiasi kwamba Massachusetts mwaka 1986 ilitunga sheria ili maneno ya kumpa pole mtu aliyeumia yasije yakatumika kama ushahidi wa kosa, na majimbo mengi yakafuata. Kwa hiyo ukimwona kacho anainama mbele ya mteja kwa kosa la kitengo kingine, usimdharau. Na wewe ukiombwa uiname, usianze kueleza lililotokea. Maelezo yanakuja baadaye, na yanapokuja mapema yanasikika kama visingizio.

Mwambie shemeji yangu kuhusu mtoto: hakuna adhabu wala dharau pale. Watoto wote wanashika fagio, wa daktari na wa dereva, na chakula cha mchana wanapakuliana wenyewe kwa zamu. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tulifika na fagio la chelewa na kidumu cha maji, kwa hiyo kinyongo hiki sikielewi vizuri, labda kimetoka Ohio, ambako mtoto husimama mbele ya darasa akieleza mwanasesere wake na wenzake wanampigia makofi. Hilo nalo ni zuri, mfundisheni nyumbani.

Nibadilike, nivumilie au nirudi? Kubadilika ndani hakuna aliyekuomba. Badili njia ya kupeleka jambo, nayo inajifunzwa kwa miezi, kama ulivyojifunza Kiingereza cha kujinadi kwenye usaili. Kuvumilia tu bila kubadili chochote ndiko ninakokuogopea, maana mgeni anayenyamaza kwa uchungu hufanana machoni pa watu na mgeni aliyeridhika, na hakuna atakayekuuliza. Kurudi ni uamuzi halali, lakini ufanye kwa hesabu kamili. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kukupa hata siku 1 ya likizo yenye malipo. Ukiwa na viza ya kazi ya H-1B ukapunguzwa kazi, una hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kubadili hadhi yako, la sivyo uondoke, na mtoto yuko shule. Japani utapata utulivu, na bei yake ni kupanda polepole na saa nyingi za ofisini. Vilevile kuna uchovu wa kuwa mgeni daima, huo sitakuficha. Kuna Waafrika wenzetu waliokaa kule miaka mingi na bado huulizwa kwenye lifti kama wanaweza kutumia vijiti vya kulia chakula. Iko pia njia ya tatu: kampuni za kigeni zilizopo Japani, na kampuni changa za Tokyo, ambako mlango haujafungwa sana. Ukihama mwajiri, kumbuka kuitaarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 14.

Haya yote ni mazungumzo ya mila. Kuna mambo ambayo si mila, na ukiyaona usiyatafutie tafsiri ya kitamaduni. Tangu mageuzi ya sheria ya mwaka 2018, saa za ziada zina kikomo cha kawaida cha 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Ukiambiwa usiziandike, hiyo si *wa*, yaani maelewano, wala si umoja, ni kuibiwa. Kutukanwa mbele ya wenzako, kunyimwa kazi ili uondoke mwenyewe, au kutengwa makusudi kunaitwa *pawahara*, na sheria inamtaka mwajiri azuie vitendo hivyo na avishughulikie. Weka tarehe na maneno kwenye daftari lako mwenyewe, kisha nenda kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi ya eneo lako au meza za ushauri za ofisi ya kazi ya mkoa. Huduma ni bure na Kiingereza kinapatikana katika baadhi ya vituo na kwa simu. Na kama huna usingizi kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au Jumapili jioni kifua kinabana ukifikiria Jumatatu, usiniandikie tena mimi: muone daktari, ana kwa ana, wiki hiyohiyo. Mkeo aende nawe.

Kuhusu lile wazo la ukaguzi, halijafa. Liache wiki 2 au 3. Kisha anza na yule aliyekunong'oneza. Mtu aliyekuambia "umemtia kacho aibu" amekufungulia honne yake, na hakuna aliyemlazimisha. Huyo ndiye mshenga wako. Mnunulie kahawa, mpe hesabu zako kwenye karatasi moja isiyo na jina lako, na umuulize swali moja tu: hili, kacho angependa kulisikia kwanza kutoka kwa nani?